Seremala Aliyekitamani Kidevu cha Mkwewe

Inatangazwa, kwa majonzi na kwa sabuni nyingi, kwamba fundi seremala wa karakana iliyo nyuma ya stoo ya saruji, baba wa mapacha, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili na vidole tisa na nusu, ameamua kujifunza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa mpini, ambao makali yake hayana kizuizi wala huruma. Habari ziwafikie ndugu, jamaa, marafiki na wauza plasta wote popote walipo.

Sababu haikuwa ndevu zake. Hizo alikuwa akizikwangua kwa kiwembe cha plastiki bila hata kuangalia kioo. Sababu ilikuwa kidevu cha baba mkwe, na mtu aliyekuwa amekihodhi kidevu hicho.

Baba mkwe alikuwa mpiga chapa mstaafu, mzee wa kuvaa shati lililopigwa pasi hata siku asiyokwenda popote. Tangu ujana wake uso wake haukujua chombo kingine ila wembe huo. Mashine ya umeme aliikataa katakata. "Inanivumia usoni kama nyuki aliyepotea njia," alisema. Lakini mwaka jana mikono ilianza kumtetemeka, na hapo ndipo mwanyumba wa fundi, mume wa shemeji yake mdogo, alipojipenyeza. Mwanyumba huyu alifanya kazi kwenye duka la dawa. Alikuwa na viganja laini, vya mtu ambaye hata kopo la maziwa hufunguliwa na mkewe, na kila Jumamosi asubuhi alimnyoa mzee.

Fundi alikuwa akiyaona yote kupitia mlango wa sebule, yeye mwenyewe akiwa amepiga magoti mbele ya kabati la vyombo lenye bawaba mbovu. Maana huko ukweni, kwa miaka kumi na miwili, hajawahi kukaribishwa bila kuonyeshwa kitu kilichovunjika. Akishavua viatu tu, mama mkwe anamwambia, "Afadhali umekuja, baba, kitanda cha wageni kimelegea mguu." Hata kiti alichonyolewa mzee, chenye mikono na egemeo la kichwa, alikitengeneza yeye. Sasa mwenzake anasimama nyuma ya kiti hicho, anamvuta mzee sikio taratibu kama anachuma ua, na mzee kafumba macho, anasema kwa sauti ya kubembelezeka:

"Pole pole, mwanangu."

Mwanangu! Miaka minne tu tangu aoe, tayari mwanangu. Fundi, miaka kumi na miwili na bawaba zisizohesabika, bado anaitwa fundi.

"Hivi wananong'ona nini muda wote ule?" alimuuliza mkewe walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Nani?"

"Baba yako na yule bwana wa vidonge."

"Baba Pacha, una wivu."

"Mimi? Wivu wa nini? Wa povu?"

Jumatatu yake akaenda kwa kinyozi mkongwe wa mtaani, wa mwisho aliyebaki na wembe wa mpini, akaomba kufundishwa. Kinyozi akamtazama mikono, akahesabu vidole, akarudia kuhesabu.

"Umekuja kujifunza kunyoa au kumalizia hivyo vilivyobaki?"

"Mzee, mimi makali nayajua. Nimeanza kunoa patasi kabla sijaota ndevu."

Na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Patasi hunolewa kwa kuisukuma mbele kwenye jiwe, makali yakitangulia. Wembe hupitishwa juu ya mkanda wa ngozi kinyumenyume, mgongo unatangulia, makali yanafuata. Kinyozi hakuwahi kumaliza kueleza. Fundi aliukamata wembe, akajikaza, akausukuma mbele kwa ari ya mtu aliyelipania jambo, na mkanda wa ngozi uliodumu kuliko ndoa tatu za kinyozi ukakatika vipande viwili, kimoja kikaangukia kwenye beseni.

Kisha kinyozi akanyoosha mkono. "Vua wako."

Fundi alirudi karakana ameshikilia suruali.

Wiki ya pili ilikuwa ya maputo. Unalijaza puto upepo, unalipaka povu, unaliondoa povu kwa wembe bila kulipasua. Mafundi wenzake walizoea kusikia mlipuko kutoka chumba cha mbao, kisha tusi, kisha mtu akipuliza puto jingine. "Fundi, nani anasherehekea huko?" walimuuliza. Kila puto lililopasuka alilipachika sura ya mtu. Mtu huyo alikuwa na viganja laini. Hilo halikumsaidia, kwa sababu aliyapenda mno yakipasuka.

Wiki ya tatu kinyozi akamruhusu kuanza kwenye uso wake mwenyewe. Shavu la kulia lilikwenda vizuri: maji ya moto, povu, ngozi imevutwa, wembe umelazwa, unateleza kufuata ndevu zinakolalia. Hilo la kufuata malalio alilielewa haraka, ni kama mbao tu, ukienda kinyume inachanika. Kisha akafika shavu la kushoto na kugundua kwamba mkono wake unamziba macho kwenye kioo. Akajaribu kupitia juu ya pua. Akajaribu kwa mkono mwingine, ule wa kidole nusu. Damu ilipotoka mara ya tatu, akaacha, akaenda kazini na nusu uso.

"Jamani, huyu upande mmoja amepigwa randa!" akasema fundi wa kupaka vanishi.

"Mwacheni, hajapigwa msasa bado."

"Mteja kaghairi, ndiyo maana."

Mkewe hakucheka. Alimbandika plasta sita jioni ile, akamuuliza pole pole, "Lakini kweli, unataka nini kwa baba?"

"Nataka aniamini na shingo yake," akasema fundi. "Mara moja tu. Nisikie ananiitaje."

Mungu hamtupi mwenye wivu: mwanyumba akapelekwa mafunzo ya wiki nzima mji wa mbali. Jumamosi ikafika, mzee ana ndevu nyeupe za siku saba, anajikuna kama mbuzi mwenye kupe. Fundi akaingia na beseni, taulo na uso mzima usio na plasta. Mama mkwe akafungua mdomo kumwonyesha dirisha la stoo, akaufunga.

Mzee alikitazama kile kidole. "Hicho kilikwenda wapi, fundi?"

"Msumeno wa umeme, baba. Zamani."

"Na wembe unaujua?"

"Naujua."

"Ukinikata koo, dirisha la stoo nani atalirekebisha?"

Akakaa. Mikono yake iliyotetemeka ikashika mikono ya kiti. Fundi akamfunika uso kwa taulo la moto, akapaka povu duara duara, akavuta ngozi ya shavu kwa vidole vitatu, akashusha wembe. Ulitoa mchakacho mdogo, kama msasa laini juu ya mbao kavu, na chini yake ngozi ikabaki safi. Shavu la kwanza likaisha. La pili likaisha. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, hapumui. Kisha mzee akainua kidevu, fundi akaona mshipa unadunda shingoni, na akaulaza wembe hapo.

"Taratibu," mzee akasema, midomo haisogei. "Taratibu, mwanangu."

Wembe ukasimama. Fundi macho yakamjaa maji, akayapangusa kwa bega. Kisha akamalizia shingo bila tone la damu.

Angenyamaza hapo, angekwenda na neno hilo kaburini. Lakini aliyekosa kitu miaka kumi na miwili hukitaka na risiti.

"Baba, umeniita mwanangu."

Mzee alikuwa akifuta povu sikioni. "Nimesema?"

"Umesema. Wembe ukiwa shingoni."

"Aa." Mzee akajipapasa koo, akaridhika. "Hata kinyozi aliyewahi kuninyoa zamani nilimwita mwanangu, na amenizidi miaka mitano. Mtu kakuwekea makali hapa, utamwita kwa kazi yake?" Akainuka, akajikung'uta. "Umenyoa vizuri, fundi. Haya, dirisha."

Fundi alikuwa stoo, bisibisi mdomoni, simu ilipolia. Mama mkwe alikwisha kuutangazia ukoo wote. Sauti ya mwanyumba ilitoka huko mbali ikiwa imekauka kabisa.

"Mwanyumba, nasikia leo umekalia nafasi yangu."

"Nimenyoa, ndiyo."

"Na eti mzee kakuita mwanangu. Kwa mdomo wake. Mimi ilinichukua mwezi mzima! Umemfanyia nini?"

Fundi akatoa bisibisi mdomoni.

"Alikuwa anaogopa tu, mwanyumba. Hata kwako."