Kizuizi na Boti ya Baba Mdogo

Mtaani kwetu shangazi yangu anaitwa Kizuizi, kwa sababu hakuna kinachopita mbele yake bila kukaguliwa. Muuza maziwa akija, lazima muuzaji mwenyewe ayanywe kwanza. Ukimwambia Shangazi amependeza, atakuuliza unataka nini. "Kikulacho ki nguoni mwako," husema, na anayeambiwa mara nyingi ni mimi, ninayembebea kikapu.

Kazi yake ni kuvuta boti. Ana kigari kilichoinuka juu ya magurudumu makubwa, kifupi kama kiberiti, na kwa kigari hicho huzichukua boti kwenye karakana ya mafundi na kuzishusha ziwani. Wenye magari makubwa wameshaangusha boti za watu. Yeye hata moja. Siri yake ni huko kutoamini. Haamini mkanda uliofungwa na mtu mwingine. Haamini taa za breki mpaka nisimame nyuma nimwambie zinawaka, na nikishamwambia, ananiuliza kama nina hakika. Minyororo ya usalama huipishanisha chini ya kichwa cha trela, pale linapoungana na kigari, ili kikichomoka kidakwe kabla ya kugusa lami, kisha anaitikisa mmoja mmoja.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Siku za kazi nakaa pembeni yake, macho kwenye kioo. Nyumbani anaishi na Bibi, mama yake, wawili tu. Mume aliondoka zamani, watoto hakujaliwa. Nataka hilo lieleweke mapema, maana ukimsikia anavyofoka unaweza kudhani hana anayempenda. Anampenda Bibi kupita kiasi, na hapo ndipo penye kazi.

Wiki ile alikuwa na kesi kichwani. Cherehani ya Bibi, ile kubwa yenye miguu ya chuma, ilikuwa imepelekwa kutengenezwa na haikurudi.

"Fundi gani anayelala na cherehani ya watu?" aliniuliza. "Na mama nikimuuliza jina la huyo fundi, anakohoa."

Basi siku moja akapigiwa simu na mdogo wake, yaani Baba Mdogo, anayeishi ng'ambo ya ziwa. Boti yake ilikuwa karakana ikizibwa tundu, imekwisha, anaomba ivutwe hadi majini.

"Boti tupu, dada," alisema. "Injini nitaifunga hukohuko ziwani."

Shangazi akakata simu, akaitazama. "Nimemuuliza habari za watoto, ananijibu boti ni tupu. Nani kamuuliza?"

Machale yalikuwa yameshamcheza.

Tulimkuta karakana akitabasamu kuliko kawaida yake. Boti ilikuwa tayari juu ya trela, imefunikwa turubai na kufungwa mafundo kila kona. Shangazi hakumaliza hata salamu. Aliinama, akakinyanyua kichwa cha trela, na kikapanda kwa mkono mmoja bila taabu.

Hapo nikajua leo tupo. Kwa Shangazi mzigo lazima uelemee mbele kidogo. Ukikinyanyua kichwa cha trela, ugune. Kikiwa chepesi namna ile, maana yake uzito umekaa nyuma ya magurudumu, na kwenye mteremko trela litaanza kuyumba huku na huku mpaka litupe kigari mtaroni.

"Mdogo wangu, boti tupu imeshiba nini huko nyuma?"

"Labda maji ya mvua, dada."

"Mvua ya lini?"

Baba Mdogo akajifuta kijasho. "Twende tu, tutafungua tukifika."

Kumwambia Shangazi "twende tu" ni kumkaribisha akae. Alikata mafundo kwa kisu cha fundi rangi, akalivuta turubai. Nyuma kabisa ya boti kulikuwa na cherehani ya Bibi. Pembeni yake sanduku lake la bati, na juu yake godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba.

"Mwizi!" Mafundi wote waliacha kazi. "Mwizi wa tumbo moja! Unamwibia mama aliyekuzaa?"

Mimi nami niliamini. Nilimchukia palepale, na ninasema wazi kwamba nilitafuta kwa macho kitu cha kumpigia.

Shangazi akampigia Bibi simu ili amweleze mwizi amepatikana. Simu ikaita nyuma yetu, ndani ya chumba cha kuwekea rangi. Bibi akatoka humo polepole, amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba kwapani.

"Kata, mwanangu. Nipo."

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nahama. Cherehani ilitangulia, vingine vimetoka leo ulipokuwa kazini. Naenda kukaa kwa mdogo wako. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Amekulisha nini?"

"Umeona?" Bibi akamtazama kwa huruma, hakukasirika. "Unanilea vizuri, sikatai. Lakini rafiki zangu wakija kunijulia hali unawahoji mpaka wanasahau walichofuata. Sasa hawaji tena. Nikicheka kwenye simu unauliza nacheka na nani. Ukimchunguza sana bata humli, mwanangu, nami nimechoka kuwa bata."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Shangazi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, kama ni kuniibia mama, kwa nini uniite mimi? Magari yamekwisha?"

"Ni mama," alijibu Baba Mdogo. "Alisema usipovuta wewe, haendi."

"Hao wengine siwaamini," akasema Bibi.

Shangazi alisimama ameshika turubai, na nilijua anachowaza: akikataa, Bibi anabaki. Angeweza kuondoa kigari chake na kwenda zake, na jioni wakala pamoja kama kawaida, wawili tu, wamenuniana.

"Hivi haliendi," alisema.

Baba Mdogo akainamisha kichwa.

"Cherehani ije mbele. Sanduku lifuate. Godoro ndilo likae nyuma. Nani alikufundisha kupakia, wewe?"

Tulipakua tukapanga upya. Alikinyanyua tena kichwa cha trela, safari hii akaguna. Akafunga mikanda, akatikisa minyororo, akanituma nyuma kuangalia taa. Nikamwambia zinawaka, na hakuniuliza mara ya pili.

Bibi alikaa mbele, mimi na Baba Mdogo nyuma. Mteremko wote Shangazi aliendesha taratibu mpaka baiskeli zikatupita, na trela lilitulia nyuma yetu bila kuyumba.

Ziwani alirudi kinyumenyume mpaka magurudumu ya trela yakazama na boti ikaelea. Baba Mdogo akafunga injini, akapanda. Shangazi akavua viatu, akaingia majini, akampa Bibi mkono.

Bibi alisimama kwanza. Akafungua zipu ya mkoba wake bila kuambiwa, akaupanua, akamwelekezea bintiye.

"Angalia tu, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Usije ukakosa usingizi."

Shangazi aliufunga ule mkoba bila kutazama ndani. Akambeba mama yake, akamkalisha kwenye boti, kisha akasimama palepale, maji magotini, akalia kwa sauti mbele za watu.