Mwalimu Aliyetaka Zizi Lihesabiwe

Mwaka 1993 Mwalimu Sostenes alinunua koti la mtumba sokoni Dodoma, na tangu siku hiyo akawa haambiliki. Soko huria lilikuwa limeingia, kila aliyetaka kazi ya maana mjini akiulizwa Kiingereza, na katika shule yao ndogo nyuma ya kijiji cha Mvumi, Kiingereza kilikuwa ni yeye. Hadi leo akisimulia mkasa wenyewe hujiita punda mwenye chaki, na hakuna anayembishia.

Siku ya mkasa alilifundisha darasa la saba nomino za Kiingereza zinazohesabika na zisizohesabika. Maji hayahesabiki, unga hauhesabiki, alitangaza, akitembea mbele ya ubao kama waziri anayezindua kisima. Kisha akatoa kazi ya nyumbani: kila mtoto akahesabu viti, kuku, ng'ombe na ndugu zake, aandike idadi kwa Kiingereza.

Kesho yake madaftari yalirudi na viti tu. Zipora, binti aliyekuwa akiongoza darasa, hakurudi kabisa. Siku ya tatu ikapita. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza wiki mbili, na shule ile haikuwahi kupeleka msichana sekondari.

"Baba yake kamzuia," Mwalimu Evodia alimwambia ofisini. "Anasema umemtuma mtoto akahesabu zizi. Wewe Sostenes, si umezaliwa hukuhuku? Mwacha mila ni mtumwa, na wewe umeiacha kwa koti!"

Alizaliwa hukuhuku. Alichunga ng'ombe wa babu yake miaka sita bila kuwahesabu hata siku moja. Mmoja akipotea, alimjua kwa rangi yake. Kuhesabu mifugo, au watoto, ni kuwaitia kifo. Hilo alilijua kabla hajajua a, e, i, o, u. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jioni aliliacha koti nyumbani, akaenda. Mzee Sila, baba yake Zipora, alikuwa mlangoni pa zizi, ng'ombe wakiingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumalizia hesabu?"

Sostenes alikuwa ameandaa hotuba. Njiani ilikuwa nzuri sana, lakini mbele ya mzee aliitupa yote.

"Nimekosa, baba. Mtoto hana kosa. Naomba umrudishe shule."

"Na wewe mwalimu, una watoto wangapi?"

Swali lilikuwa jepesi, la darasa la tatu. Lakini mwezi wa nne Sostenes alikuwa amemzika kitindamimba wake kwa surua, na tangu hapo yeye na mkewe hawakuwahi kutamka idadi mbele ya mtu yeyote. Machozi yakamtoka, mwalimu mzima, mbele ya ng'ombe wa watu.

"Wapo," alisema.

Mzee Sila alisogeza gogo la mlango polepole. "Haya. Hata wangu wapo. Kesho atakuja."

Asubuhi Sostenes alifuta kuku na ng'ombe ubaoni, akafuta na ndugu, akabakiza viti. Kisha akafungua daftari la mahudhurio. Siku zote alikuwa akihesabu vichwa kwa kidole, haraka haraka, apate namba ya kuandika. Siku hiyo aliita majina, moja moja, bila haraka, hadi akafika kwa Zipora.

"Nipo, mwalimu."