Mlango Kati ya Chumba cha Pili na cha Tatu

Tulipomaliza kujenga vyumba vinne vya kupangisha Migori, mimi na mume wangu tulikaa tukisubiri wapangaji na hawakuja. Sisi wenyewe tulikuwa tunaishi Homa Bay. Mimi ninauza vitenge sokoni, yeye ni mwalimu. Tulikuwa tumetundika kibao getini chenye namba yangu ya simu, lakini waliopiga waliuliza kodi tu, kisha wakakata.

"Labda tushushe kodi," mume wangu akasema.

"Tungoje kwanza. Hebu fikiria mtu atakavyoishi pale."

Tangu nitoke kwetu Lambwe nilikuwa nimepanga nyumba za watu. Nilijua adha ya kubeba maji kutoka mbali, na kuanika nguo kwenye vumbi, na kusimama na taulo begani ukingoja jirani amalize kuoga. Basi tukaweka tangi la maji, tukaongeza bafu la pili na taa ya uani, kisha fundi akatutengenezea sakafu nzuri ya kufulia nguo chini ya kivuli cha mabati. Kibao nikaking'oa. Nikaenda mwenyewe kwenye zahanati ya jirani kuwaambia wauguzi waje waone.

Akaja mmoja, binti wa Isebania. Kabla hata ya kuingia ndani alifungua bomba. Maji yalipotoka kwa nguvu akacheka.

"Mama, mimi kesho nahamia."

Akachukua chumba cha pili, na baada ya siku chache akamleta mwenzake wa kazini katika cha kwanza. Cha tatu kikapata kijana anayetengeneza friji, Msabato, mtaratibu, asiyejua kupiga kelele. Cha nne wakaingia mzee Mwislamu muuza viatu na mkewe. Kila nilipowatembelea nilikuta uwanja umefagiwa, na sijui ni nani aliyewaambia wafagie.

Siku moja yule muuguzi akanipigia. "Mama, tuna shida kidogo na ukuta. Tafadhali uje."

Nikaondoka mara moja. Njia nzima nilikuwa nikimlaumu fundi aliyejenga. Nilipofika nikawakuta yeye na kijana wa friji wamesimama bega kwa bega kama wanafunzi walioitwa ofisini.

"Umepasuka wapi?" nikauliza.

"Haujapasuka, mama," kijana akasema huku akiangalia viatu vyake. "Tunaomba upasuliwe."

Sikuelewa. Binti akaamua kumwokoa. "Tunaoana. Tunataka mlango kati ya chumba changu na chake. Kodi tutalipa ya vyumba vyote viwili."

Niliketi pale pale kwenye sakafu ya kufulia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. "Haya yalianzia wapi, nyathina, mwanangu?"

"Hapo hapo ulipokaa. Mimi nafua, yeye anafua."

"Na kanisa je? Wewe Mkatoliki, yeye Msabato."

"Jumamosi namsindikiza, Jumapili ananisindikiza," akajibu. "Hata kwaya zote mbili zimeshatuzoea."

Nikampigia mume wangu simu. Hakungoja nimalize. "Toboeni!" akapiga kelele. "Na msifanye mlango mwembamba, kitanda cha watu kitapitia wapi?"

Sherehe ilifanyika uani petu. Mzee wa viatu alisimamia pilau, hakumruhusu mtu mwingine kugusa sufuria. Wazazi wa binti walikuja kutoka Isebania, wa kijana wakatoka Homa Bay. Sisi wawili tukakalishwa pamoja nao mbele, kana kwamba na sisi tulikuwa tunaoza mtoto. Nilicheza hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Katikati ya ngoma, dada mmoja aliyevaa vizuri alinivuta mkono, akaniinamia sikioni.

"Mama, nimeona maji na taa. Kuna chumba?"

"Vimejaa vyote," nikamwambia kwa sauti kubwa ili mume wangu asikie. Akanipungia mkono kutoka upande wa pili, mdomo umejaa pilau.