Bwawa la Tata

Kazi ya mgodi ilipomwishia, tata, yaani baba yangu, alichukua jembe na koleo akashuka bondeni, nyuma ya nyumba zetu za Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; yeye alitaka kuchimba bwawa la samaki.

Bonde lile halikuwa na miti. Lilikuwa nyasi tupu, laini chini ya mguu, kwa sababu maji ya mvua yaliyonywewa na pori la juu ya kilima yalitokea pale polepole, hata wakati wa kiangazi, kisha yakaingia kijitoni. Huko juu tulikuwa tunaokota uyoga na matunda ya masuku. Huku chini kulikuwa na matete, vyura na ndege wenye miguu mirefu. Tata alifungua mfereji mdogo kutoka kijitoni, bwawa likajaa, akatia vifaranga vya samaki. Mwaka ule tulikula samaki wetu wenyewe, na mama akauza waliobaki.

Asubuhi moja nilimkuta tata amesimama ukingoni, mikono nyuma. Samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Kijito, kilichopita kwanza kando ya mgodi, kilikuwa kimegeuka rangi, kama maji yaliyooshewa sufuria ya kutu. Mama mmoja jirani alikuja na beseni, akasema ni dhambi kutupa chakula. Mama yangu akamshika mkono, akamwambia:

“Usikulye hii, mama. Itaua batoto.”

Tuliwafukia samaki chini ya matete. Tata alienda kulalamika ofisi hii na ile. Akaja bwana mmoja, akajaza maji kwenye chupa, akaandika, akaondoka. Hatukusikia neno tena.

Mvua ziliponyesha, tata aliamini zimeosha kila kitu. Akatia vifaranga wengine. Hao hawakumaliza hata juma. Vyura nao walikuwa wamenyamaza.

Ndipo akafikiria nyuki. Pori la kilima chetu lilikuwa limekwisha kukatwa na kuchomwa makaa, kwa hiyo tulienda naye Mutshatsha kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye zamani alirina asali huko. Njiani tulipishana na malori ya makaa, moja baada ya jingine. Mjomba alitupokea vizuri, akatupeleka nyuma ya shamba lake. Visiki vilifika hadi jicho lilipokoma.

“Hata huku pori inaisha, shemeji,” alisema. “Nyuki balihama.”

Tata aliuliza walihamia wapi.

Tuliporudi, bwawa lilikuwa limekauka, maana bila pori kilima hakikushika tena maji. Vijana wachimbaji waliona udongo wa kijani chini yake, dalili ya shaba, wakaja nyumbani kuomba ruhusa kwa heshima. Nilidhani tata atawafukuza.

“Muchimbe,” alisema. “Hakuna kitu tena kule.”

Walichimba mpaka bonde likawa mashimo matupu, halafu wakahamia pengine. Sasa tata anakaa mbele ya nyumba, uso kuelekea barabara, mgongo kwa bonde. Mama hununua samaki wa barafu sokoni, naye tata hula kidogo, kisha husukuma sahani. Nikienda kumtembelea, tunaongea juu ya bei za vitu na magonjwa ya watu.