Mpunga Nilioficha Kwenye Begi la Mwenzangu

Kwetu mashine ya kukoboa haiaminiwi mpaka uijaribu kwa mpunga wako mwenyewe. Mwenye mashine anaweza kuisifia mpaka mate yamkauke. Wewe unamwaga mpunga wako, unasubiri, unachota kiganja cha mchele na kutazama punje nzima ni nyingi kiasi gani na zilizokatika, zile tunazoziita chenga, ni nyingi kiasi gani. Chenga zikizidi unabeba mzigo wako unakwenda kwa jirani, na hakuna anayekasirika. Nimekulia hivyo. Kwa hiyo tulipokubaliana kwenda China kununua mashine, jambo la kwanza nililouliza ni mpunga tutabeba kiasi gani.

Tulikuwa wanawake watatu, washirika wa mashine moja chakavu nje kidogo ya Ifakara, kwenye barabara ya Mlimba. Mmoja ana duka la jumla mjini, mtoto wa watu wa Pwani, mtaratibu, anayesoma hata maandishi madogo ya kwenye pakiti ya biskuti. Wa pili anatoka Lupiro, ng'ambo ya mto, mkubwa wetu, mke wa katekista. Mimi namwita dada na yeye ananiita mdogo wangu. Wa tatu ni mimi, fundi wa mashine, na hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mashine yetu ilikuwa inakata mchele vipande vipande. Wateja walishaanza kupeleka mpunga wao mpaka Mchombe, na sisi tulikuwa tumefika mahali pa kuchagua: mashine mpya au tufunge mlango.

Kabla ya safari mwenye duka alitusomea kwenye simu masharti ya kuingia China. Hakuna mbegu, hakuna udongo, hakuna matunda. Ukikutwa navyo wanachukua, na wakiona umefanya kusudi wanaweza kukurudisha ulikotoka.

"Sasa tunaenda kufanya nini?" nikafoka. "Kutazama mashine inavyong'aa? Mpunga wa kule mfupi na mnene, wetu mrefu na mwembamba. Wataukoboa wa kwao vizuri, tukifika Ifakara ituvunjie wa kwetu. Mnataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Mdogo wangu," dada akasema taratibu, "tutii sheria za wenye nchi."

Nikasema sawa. Nilisema kwa mdomo tu. Tulipokuwa nyumba ya wageni Dar, asubuhi ya safari, dada akaenda kuoga akaliacha begi lake wazi kitandani. Nilikuwa na kilo mbili za mpunga wetu wa Supa nimezifunga kwenye kitambaa cha kitenge. Nikazisukuma katikati ya nguo zake, nikazifunika na sweta, nikaliacha begi wazi kama nilivyolikuta.

Mtaniuliza kwa nini begi lake. Kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani basi likisimamishwa, mimi ndiye ninayeteremshwa nikapekuliwa, na yeye huwa anaachwa anasinzia. Ana uso wa mtu anayetoka kusali. Niliutumia uso wake, basi, ndiyo habari yenyewe. Na nilijua vizuri mumewe alimruhusu shingo upande. Alisema mbele yetu sote kwamba mke wa katekista akipata fedheha ugenini, fedheha hiyo ni ya kigango kizima. Nilikuwepo, nilikunywa na chai yao siku hiyo.

Tukapanda ndege. Dada, ambaye hakuwahi kupanda ndege, alikuwa anafurahia kila kitu, mpaka vile vijiko vya plastiki. Mimi nilikuwa najiambia tukitua nitamwambia. Tulipotua nikajiambia tukivuka pale wanapogonga pasipoti nitamwambia. Tukavuka. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za vitu vilivyokatazwa, kila kimoja kimepigwa mstari mwekundu, na kimojawapo kilikuwa suke la nafaka. Chini yake pipa la kutupia.

"Hata nafaka wamekataza," dada akamwambia mwenye duka. "Afadhali tulikusikiliza."

 Mabegi yalipoanza kuzunguka nikalidaka la kwake kabla yake. Nilishapanga: nakimbia nalo chooni, nautoa mpunga, nautupa, yamekwisha.

"Nipe nikubebee, dada."

"Aka, una lako. Mimi si mzee hivyo."

"Nipe tu jamani!"

"Una nini leo?" Akacheka, akalichukua begi lake mkononi mwangu.

Mbwa alikuja wakati huo huo. Mbwa mdogo, masikio yamening'inia, amevalishwa kizibao, anaongozwa na mwanamke aliyevaa sare. Alinusa begi langu akapita. Alinusa la mwenye duka akapita. Alipofika la dada akanusa mara mbili, kisha akaketi chini akatulia, akimtazama yule mwanamke wa sare kama anayesubiri sifa. Dada akafurahi. "Kanipenda," akasema. Hakujua maana yake. Mimi na mwenye duka tulijua.

Wakaliweka begi juu ya meza ya chuma. Yule wa sare akavaa glavu akatoa kitu kimoja kimoja, kwa adabu kabisa: nguo za ndani, rozari, kanga za zawadi, sweta. Halafu kifurushi. Akakifungua kidogo, punje zikamwagika mezani. Akaandika kitu kwenye simu yake, na simu ikasema kwa Kiswahili cha ajabu, sauti ya mwanamume asiye na haraka: "Hii mbegu ni mali yako?"

Dada aliutazama ule mpunga. Akakitazama kitambaa, na fundo. Tumefunga magunia pamoja miaka mingi, fundo langu analijua kama anavyojua mwandiko wa mtoto wake. Akainua macho akanitazama mimi.

Nikatazama viatu vyangu.

"Ndiyo," nikamsikia akiiambia simu. "Ni yangu."

Huyu ni mwanamke ambaye mizani ikikosea kwa faida yetu humwita mteja arudi hata kama ameshafika barabarani. Sijawahi kumsikia akidanganya hata umri. Wakachukua pasipoti yake, wakamwelekeza kwenye mlango wa kioo kisichoonesha ndani, akaingia nao akiwa ameshika sweta yake mkononi. Mlango ukafungwa. Sisi tukaoneshwa viti tukae.

Mwenye duka hakukaa. Alisimama mbele yangu.

"Umeweka wewe."

Nikajifanya natazama mabegi yanayozunguka.

"Shoga, nakuuliza. Umeweka wewe?"

"Ndiyo."

"Basi nenda kaseme."

"Nikisema watatushika wote wawili. Watasema ni genge. Nani atabaki kuitazama mashine? Wewe unajua mashine?"

"Nisiyoijua ni mashine," akasema. "Mtu namjua." Akaenda kukaa kiti cha mbali, akanipa mgongo.

Nikabaki na sababu zangu. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa nzuri. Mimi ndiye fundi, bila mimi safari ni bure. Yeye wataona ni mama wa watu, watamwachia. Mimi na mdomo wangu nitaharibu zaidi. Ameshasema ni yake, nikisema ni yangu nitamfanya mwongo mbele ya serikali ya watu. Hii ya mwisho niliipenda sana, niliirudia mara kadhaa. Watu waliendelea kupita na mabegi yao, ule mlango hauguswi. Nilimwona dada akilini mwangu akirudishwa peke yake, akishuka kwenye basi Ifakara, mumewe akimpokea mbele za watu bila kumuuliza kitu. Nililiona hilo waziwazi, jamani, na bado makalio yangu hayakuinuka kwenye kile kiti. Niliogopa. Sina neno lingine la kulipamba.

Ilipopita karibu saa nzima, nikahisi haja. Hofu ilinikamata kibofu. Nikamwambia mwenye duka kwa mgongo wake, "Naenda chooni," nikasimama. Nataka mniamini hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe: nilisimama kwenda chooni. Kibao cha choo kilikuwa upande ule ule wa mlango wa kioo, hatua chache mbele yake. Nilikuwa nimeliacha begi langu kwenye kiti, nimekaza mwendo, na nimebakiza kidogo tu niupite mlango, ukafunguka.

Dada akatoka. Pasipoti mkononi, karatasi mkononi. Mpunga wameuchukua, wamemwonya, wamemsainisha, yamekwisha. Akaniona nimesimama pale, usoni kwake. Akatazama nyuma yangu, akaona begi langu limeachwa kule mbali. Uso wake wote ukafunguka.

"Nilijua," akasema. Akanishika mabega. "Nilikuwa nasali mle ndani, nasema yule hataniacha, yule atakuja. Nilijua utakuja!"

Nikalia. Nililia kwa sauti, watu wakageuka kutazama, na yeye akanikumbatia akinibembeleza, mimi, akisema basi, basi mdogo wangu, yamepita. Juu ya bega lake nilimwona mwenye duka amesimama. Alikuwa amesikia nilikosema naenda. Alinitazama muda, kisha akainama akaokota mabegi.

Mashine tuliinunua. Tuliijaribu kwa mpunga wao, ikatoa mchele safi kabisa, na sikuwa na uso wa kubishana na mtu. Maswali ya maana aliuliza dada. Ilipofika nyumbani baada ya miezi, ikakoboa Supa yetu vizuri kuliko nilivyoogopa. Chenga zipo, lakini wateja wamerudi.

Na wateja wakiwa kwenye foleni dada huwasimulia China. Anawasimulia mbwa, anawasimulia simu inayosema Kiswahili, na mwisho anafika mlangoni. "Natoka, nani ninamwona? Huyu hapa, ameacha mizigo yake, anakuja kusema mpunga ni wake!" Wanawake wananitazama kwa heshima. Mmoja aliwahi kuniambia rafiki wa namna hiyo hupatikana mara moja. Mwenye duka akiwepo hutoka nje kutazama magunia.

Msimu huu niliamua niseme. Nilivuka kwenda Lupiro, nikamkuta uani anapepeta, nikamwamkia, nikachukua ungo nikakaa karibu yake. Tulipepeta kwanza.

"Dada," nikasema, "siku ile uwanjani, pale mlangoni…"

Hakuinua kichwa. "Kama ni hilo," akasema, "na kama hukuwa unakuja, usiniambie."

Mikono yangu ikasimama.

"Mimi mle ndani nilidanganya," akaendelea, sauti yake ya kawaida, ungo wake unakwenda. "Nilimdanganya mtu mwenye sare, na Mungu ananisikia, sijapata kufanya hivyo tangu niolewe. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa na mtu nje. Usije leo ukaniambia sikuwa na mtu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Tulimaliza mpunga wote uliokuwepo, akanipa chakula, nikala, nikaaga.

Bado anasimulia. Wateja bado wananisifu, nami nasema asante. Ila siku hizi akifika pale mlangoni, anawatazama wote waliopo, mimi hanitazami.