Siku Mpima Moshi Alipopanda Bila Kuaga

Kila akipanda ngazi ya bomba la moshi la kiwanda cha rangi, mpima moshi huwa roho juu. Leo ndiyo usiseme: ripoti ya mwaka imeshatumwa, kumbe kifaa chake kinaonyesha gesi chafu mara mbili ya alizoripoti. Kifaa kibovu? Alikigonga, akapima tena. Yale yale!

Akashuka mbio kwa mzee anayechochea moto wa boila.

"Shikamoo baba. Leo umeongeza moto?"

"Marahaba, mwanangu. Sijaongeza. Ila leo umepanda bila kuniaga. Siku zote nikijua uko huko juu, huwa napunguza moto, usije ukakohoa."

Akakitazama tena kifaa chake.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku ya kwanza uliponiamkia. Ulinipa shikamoo vizuri sana."