Msafara wa Mahujaji Sebuleni Merrylands

Siku yangu ya kwanza kazini, Korogwe, Mkuu wa Shule, padri mrefu mwenye sauti ya chini, alinikabidhi kidato cha tano na hadithi za kale za Kiingereza kuhusu mahujaji. Akaitazama kofia yangu.

"Mwalimu Seif, wewe Mwislamu utawafundisha hija ya Wakristo?"

"Nitawafundisha wasafiri, Padri."

Akacheka, akanipa chaki.

Fasihi ile huitwa hadithi ndani ya hadithi: safari ni fremu, na ndani yake kila msafiri anasimulia ya kwake. Wamo lodi, yaani bwana mkubwa mwenye ardhi, mtawa, mfanyabiashara, msaga nafaka, mkulima. Sisi katika hija tunavaa shuka nyeupe, tajiri na maskini huwatofautishi. Wale walikwenda na matabaka yao mwilini, kila mtu na joho lake na farasi wake. Basi nilibuni utaratibu: kila mwanafunzi apewe tabaka lisilo lake, na asitoke msafarani kabla hajasimulia. Nikahamishiwa Dodoma, ambako Mkaguzi wa Kanda alimkuta binti wa mpishi, aliyepewa ulodi, akimkaripia mtoto wa mkuu wa wilaya, aliyepewa ukulima. "Hili ni somo au vurugu?" akauliza. Alikaa mpaka kengele ikalia.

Baada ya kustaafu nilimfuata binti yangu Australia, mtaa wa Merrylands jijini Sydney, nikapewa darasa la Jumamosi la vijana wa Kikongo waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa mwisho wa sekondari. Korona ilipofunga mji, tukahamia kwenye simu. Nyumba zilikuwa ndogo. Ukimfundisha mmoja, umefundisha ukoo.

Jumamosi moja baba yake Furaha, mmoja wa wanafunzi wangu, akaingia kwenye kioo cha simu, amevaa fulana ya kung'aa, tayari kwenda shifti.

"Shikamoo Mwalimu. Hii mambo ya zamani itamupa mutoto kazi gani? Kwetu depo ya mizigo wanatafuta watu. Leo ni mwisho, aache."

Furaha aliinamisha kichwa. Alikuwa ndiye mtawa mkuu wetu, na zamu yake ilikuwa haijafika.

"Marahaba, Baba Furaha. Lakini haondoki mtu ambaye hajasimulia. Nawe umeshaingia. Nafasi ya lodi iko wazi."

"Mimi? Lodi?" Vijana wakapiga makofi. Akajikohoza, akavimbisha kifua. "Basi! Mimi lodi, leo siendi kazi! Ninyi wote muende. Mimi nabaki kwa nyumba, nakula nyama."

Wakacheka, ingawa ndivyo mji ulivyokuwa siku zile: wenye nacho walijifungia ndani, wazazi wa vijana hawa wakaenda kazini.

Furaha, ambaye siku zote alinijibu kwa Kiingereza, akainua uso, akasema kwa Kiswahili. "Bwana mkubwa, hiyo nyama nani atakuletea?"

Baba akamgeukia mwanawe.

"Huyu sasa anajua kuuliza," akasema taratibu. "Depo itangoja."

Alhamdulillahi, mwaka ule ndio nilioweka chaki chini kabisa. Sikujenga ghorofa, lakini Mungu alinipa watu wa kila namna nikakaa nao katika safari moja, na riziki hiyo inanitosha. Furaha yuko chuo kikuu. Juzi nilimuuliza baba yake anasoma nini huko.

"Hadithi tu! Ananisimulia kila asubuhi, Mwalimu," akalalamika. "Ananichelewesha treni ya kazi, ile ya Granville."